Mavazi ya Sinema na Mitindo Irudiayo

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Hawakutuambia habari za kitu cha kale kirudicho na kuvaliwa kana kwamba ni kipya. Jambo hili huonekana sana katika mavazi, na katika karne ya 20 mojawapo ya milango mikubwa ya kurudia kwake ilikuwa sinema. Mtu aliingia katika jumba la giza, akatoka na sura ya kofia moyoni mwake, na kesho yake akaenda dukani au kwa fundi cherehani kuitafuta. Katika makala haya nataka kupima mfano mmoja mashuhuri, yaani mchezo wa sinema wa Marekani uitwao Bonnie and Clyde, ulioongozwa na Arthur Penn na kuonyeshwa mwaka 1967. Swali langu ni moja: mtindo wa kale ukirudi kwa njia ya sinema, ni nini hasa kirudicho?

Mchezo huu umejengwa juu ya habari za kweli za Bonnie Parker na Clyde Barrow, vijana maskini wa Texas waliogeuka wanyang'anyi katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Waliuawa kwa risasi za askari huko Louisiana tarehe 23 Mei 1934, naye Bonnie alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Mavazi ya mchezo yalibuniwa na Theadora Van Runkle, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza ya sinema. Wakati ule sketi fupi ndizo zilizotawala katika miji ya Ulaya na Marekani. Van Runkle akaenda kinyume: alimvika Faye Dunaway, aliyekuwa Bonnie, sketi zishukazo chini ya magoti, sweta za kukaa mwilini, skafu shingoni na bereti kichwani. Muda haukupita, wanawake wengi wakaanza kuvaa hivyo hivyo, na bereti ikauzwa kwa wingi.

Sifa ya kwanza ya mavazi haya ni kwamba hayakuwekwa kuwa pambo tu, yanasema. Mwanzoni twamwona Bonnie chumbani mwake, mtumishi wa mkahawa aliyechoshwa na maisha yasiyo na tumaini. Baadaye Clyde anamwambia kwamba hapendi kishungi cha nywele kilicholala karibu na sikio lake. Papo hapo Bonnie anatoa kioo na kukiondoa. Tendo hilo dogo latufunulia mtu anayetaka kuwa mwingine, na aliye tayari kujitengeneza upya kwa neno la yule anayemwangalia. Kadiri sifa zao zinavyoenea, ndivyo nguo zake zinavyozidi kuwa nzuri. Tena, baada ya mauaji yao ya kwanza wanajificha katika jumba la sinema linaloonyesha Gold Diggers of 1933. Clyde anagomba kwa hasira na hofu. Bonnie macho yake yamenaswa na wachezaji waliopambwa. Baadaye anasimama mbele ya kioo amevaa mkufu, akiimba ule wimbo alioutoka kuusikia. Watunzi wa mchezo walijua vyema kwamba wanasimulia habari za mtu aliyejifunza kujipamba kutoka kwa sinema.

Nao hawakuzua jambo hilo. Shajara aliyoiandika Bonnie wa kweli mwaka 1928 yataja kwenda kwake kutazama sinema. Mwezi wa Aprili 1933 askari walivamia nyumba waliyojificha katika mji wa Joplin, Missouri. Wanyang'anyi walitoroka baada ya kuwaua askari wawili, wakaacha nyuma filamu ambazo hazijasafishwa. Zilipofanywa picha, Marekani nzima ilimwona mwanamke mdogo wa umbo, ameweka mguu juu ya bampa ya motokaa, bastola mkononi na sigara nene kinywani. Ilikuwa mzaha wa mbele ya kamera, lakini mzaha huo ndio uliomfanya kuwa mashuhuri. Basi tazama mzunguko huu: msichana aliiga sinema katika picha zake, miaka 34 baadaye sinema ikaziiga picha zile, na wanawake wakaiiga sinema.

Hapa ndipo penye lawama yangu. Kila mara mzunguko huu upitapo hudondosha kitu njiani. Nywele za Dunaway zimenyooka kama zilivyopendwa mwaka 1967, hali Bonnie wa kweli alizitia mawimbi. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: tarehe 10 Juni 1933 motokaa yao ilianguka karibu na Wellington, Texas, na mguu wa Bonnie ukaungua vibaya mno. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake alikwenda kwa kuchechemea, na mara nyingi Clyde alimbeba. Mchezo haukutuonyesha mguu huo. Sketi ndefu ilirudi. Mguu uliokuwa ndani ya sketi haukurudi. Wala hawakurudi wajane wa askari waliouawa.

Je, tuseme kwamba waliovaa bereti walidanganyika? Sidhani. Mwaka 1970 wafanyabiashara wa mavazi wa Marekani walijaribu kuwalazimisha wanawake waache sketi fupi na kununua sketi ya midi, ifikayo katikati ya muundi. Wanawake wengi walikataa, wengine wakaunda vyama vya kuipinga, na wenye maduka wakapata hasara. Urefu uliopendwa ulipopendekezwa na sinema ulichukiwa ulipoamriwa na soko. Mvaaji basi si chombo mkononi mwa wengine, huchagua. Sinema ilimpa hadithi ya kuvaa pamoja na nguo, soko likampa nguo peke yake.

Nasi Afrika Mashariki tulikuwa na mjadala wetu siku zile zile. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, na kampeni hiyo, Operesheni Vijana, ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Waliobishana waliuliza sana nguo hizo zimetoka wapi. Ni swali la haki, lakini halitoshi, kwa kuwa kila vazi limetoka mahali. Swali lipasalo kuongezwa ni kwamba vazi hili, katika safari yake hadi kunifikia, limeacha nini nyuma?

Kwa kazi ya usanii, mavazi ya Van Runkle yastahili sifa, maana yamefichua tamaa ya maskini ya kuonekana. Yastahili pia kulaumiwa kwa kuifanya tamaa hiyo isiwe na maumivu. Anayeipenda bereti na aivae. Lakini aijue habari yake nzima, pamoja na kidonda chake.