Nahodha Asiye na Kauli: Uhakiki wa Mchezo wa Kompyuta "Tintin sur la Lune"

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawana mazoea ya kuhakiki michezo ya kompyuta, na huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakauliza kama kuna haja ya kufanya hivyo. Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na shaka hiyo hadi alipojaribu kutumia mchezo mmoja kama matini ya somo la tafsiri hapa Kalemie. Jaribio hilo halikufaulu, na sababu za kutofaulu kwake ndizo zinazojadiliwa hapa.

Mchezo wenyewe ni "Tintin sur la Lune", uliotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Infogrames ya Ufaransa. Asili yake ni vitabu viwili vya hadithi za picha vya Mbelgiji Hergé, "Objectif Lune" (1953) na "On a marché sur la Lune" (1954), vilivyompeleka Tintin mwezini miaka 15 kabla mwanadamu hajakanyaga huko. Ni mchezo wa zamani, lakini ulitufaa: uliweza kuchezwa katika kompyuta kongwe tuliyokuwa nayo, na shujaa wake hahitaji kutambulishwa kwa Mkongomani yeyote aliyepita shuleni. Wanafunzi walitakiwa kuucheza, kunakili kila neno linalotokea, kisha kulitia katika Kiswahili. Baada ya juma moja walileta nusu ukurasa. Nilidhani wamezembea.

Ilinibidi niketi mwenyewe jioni mbili, kila mara hadi umeme ulipokatika. Katika sehemu ya kwanza mchezaji huendesha roketi, hukwepa vimondo na kukusanya tufe: nyekundu za kumwezesha kusonga mbele, za manjano za kumwongezea nguvu. Katika sehemu ya pili Tintin yumo ndani ya roketi. Anazima moto, anategua mabomu, anawafungua wenzake waliofungwa kamba, huku Kanali Jorgen akimwandama. Kisha roketi tena, tufe tena, moto tena. Hatimaye roketi inatua mwezini na mchezo unakwisha, yaani unakomea pale ambapo sehemu nono ya kitabu cha pili ndiyo kwanza inaanza. Picha ni nzuri kwa wakati wake, na roketi yenye miraba myekundu na myeupe imechorwa kwa uaminifu. Kwa upande wa fani, basi, waandaaji hawakuwa wavivu. Wanafunzi nao hawakuwa wavivu: nusu ukurasa ndio uliokuwamo.

Mtu wa isimu hawezi kukosa kuona kwamba sarufi yote ya mchezo huu ni hali ya kuamrisha: kusanya, kwepa, zima, tegua, fungua. Hadithi ya Hergé haiwezi kusimuliwa kwa hali hiyo peke yake. Kiini chake ni mhandisi Wolff, aliyemficha Jorgen ndani ya roketi kisha akajutia usaliti wake, akaacha barua na kutoka nje angani afe ili wenzake wabaki na hewa ya kutosha. Majuto huhitaji "-ngali-". Hakuna kitufe cha "-ngali-" katika mchezo huu, na pasipo hicho Jorgen anabaki kuwa kikwazo kama kimondo, tofauti ikiwa tu kwamba ana miguu.

Tuangalie pia zile tufe. Katika kitabu injini inazimwa kwa uzembe wa Dupond na Dupont, uzito wa vitu unatoweka, na wiski ya Nahodha Haddock inajiviringa na kuwa tufe linaloelea hewani. Nahodha anahangaika kulinasa. Tufe hilo moja lina kiu yake, aibu yake, hila yake ya kuificha chupa, na pia somo zima la fizikia. Katika mchezo tufe ni idadi. Sijui kama waandaaji walikumbuka ile wiski. Kama waliikumbuka, walichukua umbo wakamwaga kinywaji.

Darasa lililobaki bila matini nililipa ukurasa mmoja wa kitabu, ule ambao Nahodha amekasirika. Nusu ukurasa wa mchezo ulikuwa umetafsiriwa kwa dakika 20. Ukurasa huu ulitushikilia kwa vipindi vitatu. Mjadala ulianza na namna ya kumwita. Tintin ni kijana na Haddock ni mtu mzima; "Nahodha" pekee lilionekana ukosefu wa adabu, na walio wengi wakachagua "Papa Kapiteni", kama anavyoitwa mkuu wa chombo hapa bandarini. Yakafuata matusi. Nahodha ana desturi ya kuokota maneno ya kitaalamu na kuwarushia watu, likiwemo jina la kosa la sentensi inayoanza kwa muundo mmoja na kuishia kwa mwingine. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "ngeli isiyo na wingi!" Mwingine, mtoto wa mvuvi, alikataa: baharia hatukani kama mwalimu. Alitaka "ndakala wa mvua wewe!", akimaanisha wale samaki wadogo walioanikwa ufukweni wakanyeshewa kabla ya kukauka. Nilijaribu kueleza kwamba kichekesho kinatokana hasa na baharia kutukana kama mwalimu, lakini darasa lilikuwa limeshaamua.

Msomaji wa Kongo ana sababu yake ya kuchunguza nani anapewa kauli na nani ananyimwa. Katika "Tintin au Congo", hadithi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1930 katika "Le Petit Vingtième", Wakongomani husema Kifaransa kilichovunjika ilhali Milou, ambaye ni mbwa, husema Kifaransa fasaha. Hata majina ya makabila ya kubuni ni mzaha: "Babaoro'm" linachukua kiambishi cha wingi cha lugha zetu na kuficha ndani yake keki iliyoloweshwa pombe. Bienvenu Mbutu Mondondo alikishtaki kitabu hicho Brussels mwaka 2007, na mahakama ikatupilia mbali madai yake mwaka 2012. Sikusudii kuifufua kesi hiyo hapa. Ninalosema ni kwamba Hergé alijua kuwa mhusika hupandishwa au hushushwa na lugha anayopewa. Sisi alitupa lugha mbovu. Baadaye Haddock akampa ghala zima la maneno. Waandaaji wa mchezo walimpokea mtu huyo pamoja na ghala lake, wakamfunga kamba na kumweka kando asubiri kufunguliwa.

Watetezi watasema kwamba mwaka 1989 diski zilikuwa ndogo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungedai sauti au picha zaidi. Maneno ndiyo mzigo mwepesi kuliko yote: ukurasa wenye herufi 2,000 hauchukui zaidi ya kilobaiti mbili hivi. Mchezo wa "Adventure" wa mwaka 1976 ulikuwa maneno matupu. Na mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya Tintin kufika mwezini kwa kompyuta, Wamarekani wa Lucasfilm Games walitoa "The Secret of Monkey Island", ambamo mapigano ya panga hushindwa na mtu aliyekosa jibu la tusi. Ule, kwa kweli, ulikuwa mchezo wa Haddock. Jina lake tu ndilo lililokosekana.

Nikirudia daftari langu naona jambo ambalo sikulipa uzito wakati ule. Wanafunzi walipokuwa wakicheza hawakunyamaza. Aliyeshika kibonyezo alikuwa kimya, lakini waliosimama nyuma yake walimsemea kila mtu: walimkemea Jorgen, walimbembeleza Nahodha, "Papa Kapiteni, toka mu moto, watoto wako banakungoja", naye Nahodha akajibiwa kwa niaba yake kwa sauti nzito, kwa matusi ya bandarini ambayo siwezi kuyachapa katika jarida hili. Muhula ujao nitaenda na kinasa sauti.