Sifa za Mzinga Mtupu

Ulaya na Marekani, anayeanza kufuga nyuki kwa kawaida huwanunua. Huletewa kundi zima na malkia wake ndani ya kisanduku, akalimimina mzingani siku hiyohiyo. Kijijini Robanda, kando ya Serengeti, mambo si hivyo. Utachonga gogo au utagongelea mbao zako, utautundika mzinga kwenye mgunga, kisha utasubiri. Nyuki wamejaa porini na kila kundi lina hiari yake. Ufundi ninaousifu hapa ni huo wa kumwandalia nyumba mkaazi ambaye hujamwona, na ambaye atakuja akipenda.

Mgeni wa kazi hii hudhani jambo zito ni kustahimili miiba. Wazoefu watakwambia ni vipimo. Mzinga wa viunzi, ulioenea Afrika Mashariki baada ya majaribio ya Kenya ya miaka ya 1970, ni sanduku refu lenye mbavu zilizoinamia ndani, na juu yake vimepangwa viunzi bila mwanya. Kila kiunzi kina upana wa milimita 32. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo, wao hutaka 35. Ukikosea kwa milimita hizo tatu, nyuki watajenga sega moja likashika viunzi viwili, na siku ya kurina utainua kimoja upasue kila kitu, asali ichuruzike juu ya majana na kundi zima likupandie usoni. Kwa hiyo seremala makini hupima kiunzi kimoja kwa utulivu, akakifanya kigezo cha vingine vyote. Napenda sana kumtazama mtu akifanya kazi hiyo: anasugua ubavu wa kijiti, anakilinganisha na kigezo, anasugua tena, kwa ajili ya mdudu ambaye huenda asije.

Katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, hupakwa mstari wa nta iliyoyeyushwa ili nyuki wajue pa kuanzia kujenga. Hapo ndipo anayeanza hukwama, maana nta hutoka kwenye masega na yeye masega hana. Itabidi amwendee jirani. Ndiyo sababu ufugaji nyuki hauanzwi na mtu aliyejitenga: nta ya kwanza ni ya kuombwa, na pamoja na nta huja maneno. Jirani atakwambia uponde majani ya mchaichai uyasugue ndani ya mzinga, kwa kuwa harufu yake inakaribiana na ile ambayo nyuki hutoa wanapoitana. Atakwambia mlango usielekee njia ya watoto wala zizi la ng'ombe, maji yasiwe mbali, na waya wa kutundikia upakwe grisi ili sisimizi wasipite. Mzinga uning'inie huru, maana nyegere akipata pa kukanyaga hakuna atakachobakiza.

Kisha ni kusubiri, na kusubiri nako kunafundishwa.

"Shikamoo, baba. Miezi miwili sasa, hakuna hata nyuki mmoja."

"Marahaba. Umeuchungulia lini mara ya mwisho?"

"Sijaugusa tangu niutundike. Naogopa kuwafukuza."

"Utamfukuza nani, mwanangu, na hawajaja? Kauangalie. Yupo mwingine aliyeshaingia."

Na kweli huwa yupo: buibui amefunga utando kona kwa kona, au sisimizi wamehamia na mayai yao. Nyuki wapelelezi hutangulia kuja wachache, wakatembea juu ya kuta za ndani kana kwamba wanapima, kisha hurudi kundini kutoa habari kwa kucheza. Karl von Frisch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, na kuifumbua lugha hiyo ya mchezo kulikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Mpelelezi akikuta nyumba ina wenyewe, hana la kuchezea.

Kwa Robanda, mzinga kukaliwa au kutokukaliwa kuna uzito zaidi ya asali. Kijiji kiko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ni mojawapo ya vijiji vya Ikona WMA, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji vyenyewe, na tembo hawajui mpaka wa shamba. Waikoma, wenyeji wa hapa, ni watu wanaozitunza Machaba, pembe za tembo wanazoziheshimu kama amana ya kabila zima. Lakini heshima hiyo haimfariji mama aliyeamka na kukuta mtama wake umelazwa chini. Mwaka 2007, mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa Kenya ulioonyesha kwamba tembo wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa, hukimbia. Ngozi yao ni nene, ila pembeni mwa macho na ndani ya mkonga mwiba unapenya. Kutokana na hilo ukabuniwa uzio wa mizinga: mzinga kila baada ya mita 10, yote imeunganishwa kwa waya, tembo akiusukuma mmoja mingine inatikisika. Mizinga mitupu haivumi, na uzio wa namna hiyo hutegemea nyuki waliokubali kukaa.

Wakikaa, jifunze kuridhika na kidogo. Rina jioni, moshi kwanza, kwa sababu nyuki akichoma huacha harufu ya kuwaita wenzake na moshi huifunika. Chukua masega yaliyozibwa kwa nta tu, uyaache yenye majana na asali iliyo karibu nayo. Nyuki wetu ni wahamaji, kama nyumbu wanaopita mto Grumeti: kiangazi kikiwakuta bila akiba, wanaondoka.

Wakiondoka, mfugaji asiukwangue mzinga wala asiuchome kuni. Uliowahi kukaliwa hupata nyuki upesi kuliko mpya, kwa kuwa kuta zake zimeshalowa nta na gundi yao. Atoe masega yaliyoliwa na nondo, apake grisi mpya kwenye waya, aurudishe mtini kabla ya vuli kuleta maua.