Sifa za Mkaguzi wa Ramani

Sifa za ramani humwendea aliyeichora. Ndiye anayepigwa picha akiwa mtaani Tandale, simu mkononi, mguu mmoja ukingoni mwa mtaro. Anayekuja nyuma yake kuangalia kama mistari imekutana na poligoni zimefunga hapigwi picha na mtu. Ni huyo ninayetaka kumsifu.

Tuitazame kazi yake Dar es Salaam, maana huko ilibeba uzito wa maji. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora Tandale pamoja na wakazi wake. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ulioziingiza kata zinazosumbuliwa na mafuriko kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Nyumba zilichorwa kutoka angani, kwa picha za setelaiti na droni. Mitaro ilifuatwa kwa miguu. Nyumba ikawa poligoni, mtaro ukawa mstari. Fungua leya ya nyumba hizo ndani ya QGIS, programu ya ramani, uliza ina maumbo mangapi, na jibu litakuja kabla hujatoa kidole kwenye kipanya. Mgeni ataliandika kwenye ripoti. Mkaguzi ataanza kulichambua, kama mchele wa sokoni, akitoa mawe.

Jiwe la kwanza ni nyumba iliyochorwa mara mbili. Wachoraji wawili wa kujitolea, kila mmoja nchi yake, wamekuta paa lilelile na kila mmoja amelizungushia mstari. Poligoni hizo zimelaliana karibu sawasawa, na jicho linaona nyumba moja tu. Lakini InaSAFE, zana ya ndani ya QGIS inayokadiria madhara ya maafa, ikilaza eneo la mafuriko juu ya leya hiyo, itahesabu nyumba mbili zimezama.

La pili nalipenda zaidi, kwa ajabu yake. Mchoraji ameweka kona nne za nyumba lakini amezipitia kwa mpangilio mbaya, mistari ikakatana katikati na umbo likatoka kama tarakimu nane. Kompyuta hupata eneo la poligoni kwa kuzipitia kona moja baada ya nyingine: sehemu inayozungukwa kinyume cha saa huhesabiwa kuwa chanya, inayozungukwa kwa mwendo wa saa huwa hasi. Katika umbo la nane, bawa moja linazungukwa huku na jingine kule. Yakiwa sawa kwa ukubwa, yanafutana. Nyumba ina kuta, paa na watu ndani, na jedwali linasema ukubwa wake ni sifuri.

Poligoni walau hujisema zenyewe. Mistari ni migumu zaidi, na hapa ndipo mkaguzi hodari anapojitenga na mwenye zana nzuri tu. Mtaro mmoja unapokelewa na mwingine, huo unapokelewa na mwingine, hadi Mto Msimbazi. Ikiwa kati ya mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwenzake imebaki nafasi ya sentimita kumi, hutaiona ukiwa unautazama mtaa mzima kwenye kioo. Lakini katika hesabu ya mtiririko maji yamefika hapo, yamekosa njia. Mwelekeo nao una maana: kwenye OpenStreetMap mkondo huchorwa kufuata maji yaendako, kwa hiyo mtaro uliochorwa kutoka chini kwenda juu unayapandisha maji mlima.

Zana za ukaguzi, iwe ile ya QGIS au ile iliyomo kwenye JOSM, programu ya kuhariri OpenStreetMap, huonyesha ncha zinazoning'inia. Mvivu huziunganisha zote kwa amri moja. Mkaguzi hawezi, kwa sababu anajua kuna mitaro ambayo kweli inaishia njiani, uwanjani kwa mtu, pale fedha au ari ilipokwisha. Ncha hiyo si kosa la mchoraji. Ni kosa la mji, na ramani imelisema kwa usahihi. Ukiiunganisha umeficha sababu yenyewe ya nyumba ya jirani kujaa maji kila masika.

Hivyo hivyo na kipimo cha kuvumilia, yaani umbali ambao nukta mbili zikiwa karibu kuliko huo programu itazifanya moja. Ukikiweka kidogo mno, nyufa zinabaki. Ukikiweka mita moja katika mtaa kama Manzese, kuta za majirani zitashikana na uchochoro utafungwa: njia ya kupitisha jeneza, njia ya kukimbilia moto ukiwaka. Ramani itakuwa safi kabisa, bila kosa hata moja kwenye orodha. Mimi naiogopa ramani ya namna hiyo kuliko yenye makosa mia.

Kisha inakuja kuhesabu kwenyewe. Nyumba imekaa juu ya mpaka wa kata mbili: ukiuliza nyumba zinazogusa kata, itahesabiwa huku na huku, ukiuliza zilizomo ndani kabisa, haitahesabiwa popote. Dawa ya kawaida ni kuiwakilisha kila nyumba kwa nukta moja ya katikati. Lakini nyumba iliyojengwa kuzunguka ua kwa umbo la herufi U, kitovu chake huweza kuangukia uani, nje ya kuta zake. Mkaguzi huchagua nukta iliyo ndani ya umbo lenyewe. Barabara ya Morogoro nayo si mstari mmoja. Imekatwa vipande kwenye madaraja na kila sifa yake inapobadilika, kwa hiyo idadi ya vipande haisemi lolote kuhusu barabara. Hapo hujumlishwa urefu, tena kwa mita. Anayesahau kubadili mfumo wa viwianishi anaweza kupata urefu kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Wilaya ya Ukerewe ni kinyume chake, visiwa vingi vinavyoweza kukaa kwenye jedwali kama umbo moja, kwa sababu wilaya ni moja.

Ramani Huria ilipofika kwenye mashina, vikundi vidogo vya nyumba ndani ya mtaa, iliwaendea wajumbe wanaoyaongoza, kwa kuwa mipaka ya mashina haikuwa imeandikwa popote ila vichwani mwao. Shina lina asili yake katika nyumba kumi za enzi ya TANU, na leo mengi yamezidi kumi mbali sana. Vivyo hivyo na kaya: picha ya droni itakuonyesha mapaa tu. Chini ya paa moja la nyumba ya Kiswahili kuna ukumbi katikati na vyumba sita, na kila chumba kinaweza kuwa na mpangaji na jiko lake. Anayepanga kugawa vyandarua na anayekadiria mabati yaliyoezuliwa na upepo hawaulizi swali moja, ingawa wote watasema wanataka idadi ya nyumba. Basi mkaguzi huongeza safu nyingine kwenye jedwali, ya kaya, na kuiacha wazi mpaka mtu apite mlango kwa mlango akiwa na mjumbe.