Kusudi, Hasira na Wakati: Tathmini ya Istilahi za Mauaji

Mahakama Kuu ya Garsen, kama nyinginezo nchini Kenya, hutenganisha mauaji ya kukusudia na "kuua bila kukusudia". Istilahi hii ya pili ina kasoro. Kifungu cha 207 cha Kanuni ya Adhabu humweka humo hata aliyekusudia kuua, mradi alichokozwa ghafla na hasira yake haikuwa imepoa. Hivyo, kinachopimwa si kusudi pekee bali pia wakati. Hapo ndipo kisasi kinapokosa utetezi. Huko Riketa, Agosti 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa katika uhasama wa Wapokomo na Waorma. Msimulizi wa kisasi huanzia kwenye kosa la mwenzake; sheria huhesabu muda uliopita tangu kosa hilo. Istilahi iufichayo muda huo humpotosha msikilizaji.