Kutoka Sentensi 97 Hadi 22

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanamke mmoja wa Marekani aliketi katika kikundi cha majadiliano akaulizwa kuhusu huduma ya mafundi wa vifaa vya nyumbani. Alimsifu fundi aliyemtengenezea kifaa chake, kwa kuwa hakuishia kukitengeneza tu. Alimweleza kilichoharibika ni nini, na akampa njia ya kukirekebisha mwenyewe endapo tatizo kama lile lingerudi.

Ushuhuda huo umo katika makala iliyotoka mwaka 1985 katika Journal of Marketing. Waandishi wake walikuwa watatu, A. Parasuraman, Valarie Zeithaml na Leonard Berry, wakati huo wote wakiwa walimu wa chuo kikuu cha Texas A&M. Aliyesoma masoko au uongozi wa biashara katika chuo chochote cha Afrika Mashariki anawajua kwa jina la kipimo chao, SERVQUAL, kinachopima ubora wa huduma kwa sentensi 22. Kimenakiliwa katika tasnifu nyingi mno, za benki, hospitali, hoteli na mamlaka za maji, hata wanaokinakili hawakumbuki tena kwamba kuna watu waliokaa chini wakakitengeneza. Mimi nakiheshimu kwa ule utengenezaji wake kuliko kwa umaarufu wake.

Wale watatu wangeweza kujifungia ofisini, wakaandika maswali yanayoonekana ya maana, wakayasambaza. Wengi hufanya hivyo. Wao walianza kwa kusikiliza. Walichagua huduma nne: benki, kadi za mkopo, udalali wa hisa, na utengenezaji wa vifaa. Katika kila huduma walipata kampuni moja, wakazungumza kwa kina na viongozi wake watatu au wanne. Kisha wakawaendea wateja, vikundi 12, vitatu kwa kila huduma. Vinane katika jiji moja la kusini-magharibi mwa Marekani na vinne vilivyobaki sehemu nyingine za nchi.

Walipoweka maneno ya viongozi kando ya maneno ya wateja, hayakulingana. Katika kila kikundi cha wateja wa benki na cha wateja wa madalali wa hisa, watu walisema faragha ni jambo kubwa: hawataki mambo yao ya fedha yasikiwe na mtu wa nyuma kwenye foleni. Viongozi waliohojiwa hawakuligusa jambo hilo ila kwa nadra. Kwa upande wa mafundi, wateja walikuwa na shaka na kampuni kubwa, wakapendelea karakana ndogo za watu binafsi, na hilo nalo viongozi hawakuwa nalo akilini. Hata pale viongozi walipojua mteja anataka nini, uwezo wa kumpa ulikosekana. Walijua anataka fundi aje upesi, lakini viyoyozi na mashine za kukatia majani huharibika kwa wingi kiangazi, na kiangazi ndicho wafanyakazi wanapotaka likizo.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la pengo: pengo kati ya anachokitaka mteja na kile mkubwa wa kampuni anachodhani mteja anakitaka, na mengine yanayofuata baada ya hilo, hadi lile la mwisho analolihisi mteja mwenyewe pale dirishani. Katika mazungumzo yale waliona mambo kumi ambayo watu hutumia kuipima huduma. Sasa ilibidi mambo hayo yageuzwe kuwa sentensi ambazo mtu asiyewajua wala kuwahi kuwaona angeweza kuzijibu kwa kalamu.

Waliandika sentensi 97. Kila moja iliandikwa mara mbili: mara ya kwanza inauliza kampuni za aina ile zinapaswa kuwaje, mara ya pili inauliza kampuni fulani unayoitumia ikoje. Jibu lilikuwa namba, kuanzia 1 kwa asiyekubali kabisa hadi 7 kwa anayekubali kabisa. Alama ya matarajio ikitolewa kwenye alama ya hali halisi, inayobaki ndiyo ubora kama mteja alivyouona. Watu 200 walijibu. Baada ya hapo ikaanza kazi ninayoistahi kuliko zote, kazi ya kutupa.

Kanuni yao ilikuwa hii: sentensi zinazodai kupima jambo moja sharti zipande na kushuka pamoja. Mtu akiipa alama ya juu sentensi moja inayohusu kutegemeka kwa kampuni, tunatazamia ataipa alama ya juu na ile ya pili na ya tatu zinazohusu jambo hilohilo. Ikiwapo sentensi inayokwenda njia yake, nyingine zinapanda na yenyewe inashuka, basi haipimi kile mwandishi alichokusudia, hata kama inasomeka vizuri. Kipimo cha upatanifu huo, alfa ya Cronbach, kilikuwapo tangu 1951. Wakazipitia sentensi moja moja, zisizopatana na nyingine zikaondoka. Zikabaki 54. Wakazipanga upya, wakatazama zipi zinakusanyika na zipi, wakaondoa tena. Zikabaki 34. Wakazipeleka kwa wateja wa benki, wa kadi za mkopo, wa simu za masafa marefu na wa mafundi, watu 200 kwa kila kampuni, kampuni nne. Zikabaki 22.

Yale mambo kumi nayo hayakusalimika. Watafiti walikuwa wametenganisha heshima, ujuzi, usalama na uaminifu, lakini wajibuji hawakuvitenganisha: anayempa mhudumu alama nzuri kwa ujuzi humpa pia kwa heshima. Basi waandishi wakakubali, wakayaunganisha. Mwisho yalibaki matano: vitu vinavyoonekana, kutegemeka, wepesi wa kuitikia, kumtia mteja imani, na kumjali. Matokeo yalichapishwa 1988 katika Journal of Retailing. Aliyewahi kuandika anajua uchungu wa kuifuta sentensi aliyoipenda. Hawa walifuta tatu katika kila nne, na waliozihukumu walikuwa watu wa kawaida wenye kalamu mkononi.

Baadaye waliwapa wateja alama 100 wazigawe kati ya yale matano kwa kadiri ya uzito wake kwao. Kutegemeka kulipata wastani wa 32. Vitu vinavyoonekana, yaani jengo, samani na sare, vilipata 11. Ningependa namba hizo mbili zibandikwe katika kila ofisi inayopanga kuanza maboresho ya huduma kwa kununua viti vipya vya mapokezi.

Kipimo hakikubaki kilivyokuwa. Mwaka 1991 wenyewe walirudi wakakirekebisha. Ukimuuliza mtu benki inapaswa kuwaje, atajaza 7 kila mstari, maana nani atasema benki haipaswi kuwa na adabu? Wakabadili, wakauliza kampuni zilizo bora zitakuwaje. Mwaka uliofuata Cronin na Taylor wakaja na hoja nzito: hakuna haja ya kuuliza matarajio kabisa, hali halisi peke yake inatosha. Mjadala huo haujafungwa, na mimi naelemea upande wa Cronin na Taylor, hasa mhojiwa anapokuwa amesimama juani na mtoto mgongoni. Kumsomea sentensi 44 ni kumchosha bure.

Kuna marekebisho mengine ya 1991 yanayotuhusu sisi moja kwa moja. Katika toleo la 1988, sentensi tisa kati ya 22 ziliandikwa kwa kukanusha, ili mjibuji asiende akijaza 7 bila kusoma. Sasa zipeleke Tanga au Mombasa. Mdadisi anasoma: "Wahudumu hawako tayari kukusaidia." Mama anayehojiwa anaona wahudumu wako tayari, hivyo inampasa aseme hakubali kwamba hawako tayari. Wengi hujibu "Ndiyo, wako tayari," na mdadisi aliyechoka anazungushia 7, yaani anakubali kabisa kuwa hawako tayari. Sifa imegeuka lawama, na hakuna atakayejua. Wale watatu waliziandika upya sentensi zote tisa ziwe za kukubali. Lakini hadi leo hukosi kukuta tasnifu iliyonakili toleo la kale pamoja na mitego yake.

Ndiyo maana nawaheshimu pia wanaohamisha dodoso, au hojaji kama wasemavyo Kenya, kutoka jamii moja kwenda nyingine. Mwaka 1970 Richard Brislin alichapisha utafiti ulioshirikisha watu 94 wa Chuo Kikuu cha Guam, wanaojua lugha mbili mbili, kwa jumla lugha kumi. Wengine walitafsiri, wengine wakairudisha tafsiri katika Kiingereza. Njia hiyo ni ya polepole na ya uaminifu: anayerudisha hajaiona ya awali, kwa hiyo hawezi kuficha pale maana ilipopotea. Na hata lugha ikishatulia, watu wenyewe hawatazamii mambo yaleyale. Donthu na Yoo walionyesha hivyo mwaka 1998 kwa wateja wa benki wa Canada, Uingereza, India na Marekani: wasioona umbali mkubwa kati ya mwenye cheo na asiye na cheo walidai zaidi huduma ya kutegemeka na ya upesi. Kwetu, mhudumu anayekwenda moja kwa moja kwenye shida yako bila salamu ameokoa dakika na ameharibu huduma.

Haya yote yanafundishikaje darasani? Nimemwona mhadhiri mmoja wa masoko, Dar es Salaam, akiyafundisha bila kuyahubiri. Siku ya kwanza hakuonyesha zile sentensi 22. Aliwaambia wanafunzi kila mmoja aandike mistari michache: mara ya mwisho ulipohudumiwa ukaridhika, na mara ya mwisho ulipoondoka umeudhika. Binti wa Pemba aliandika kuhusu muuza dawa aliyeshusha sauti alipotaja dawa aliyoifuata. Kijana wa Shinyanga alimkumbuka baba yake, mzee, aliyefika dirishani akapokelewa na msichana wa umri wa mjukuu wake kwa neno moja, "Namba?", bila shikamoo. Mwingine ametoka Bukavu. Alimsifu karani aliyemsubiri amalize alichokuwa anasema, kwani Kiswahili cha kwao na cha Dar havifanani.

Kisha wakageuza visa kuwa sentensi na kubadilishana karatasi. Mmoja aliandika kuwa wahudumu ni wachangamfu na wanafanya kazi upesi. Jirani yake akanyoosha mkono: "Dokta, hapa maswali ni mawili." Mhadhiri akaiandika ubaoni akauliza, "Mchangamfu ambaye ni mzito, nitampa ngapi?" Wakaivunja. Wakaendelea kufuta hadi ubao ukabaki na sentensi chache. Hapo ndipo alipowagawia karatasi ya Texas. Binti wa Pemba hakuiona sauti ya chini ya muuza dawa katika zile 22, na mhadhiri akamweleza kwamba faragha ilitajwa katika kila kikundi cha wateja wa benki kabla kipimo hakijaandikwa. Alikuwa amefika mwenyewe mahali walipofika wateja wale wa Marekani. Mtihani wa mwisho haukulegezwa hata kidogo.

Gloria Ladson-Billings, mtafiti wa Marekani, aliufanyia kazi ualimu wa namna hii, unaoanzia kwenye utamaduni wa mwanafunzi, na kuchapisha mwaka 1995. Walimu wake walikuwa wanane, wa shule za msingi kaskazini mwa California, wakifundisha watoto Weusi. Namna alivyowapata inanivutia kama matokeo yenyewe: aliwauliza wazazi, akawauliza wakuu wa shule, akafuata majina yaliyokuwa katika orodha zote mbili. Sharti lake la kwanza kwa ualimu huo ni mwanafunzi afaulu kielimu. La pili, abaki na utamaduni wake. La tatu, aweze kuihoji jamii anamoishi. Mwalimu mmoja aliwaacha watoto walete mashairi ya rapu, akayatumia kufundisha vina na takriri, na wakayaelewa mashairi ya vitabuni kupita kiwango kilichotakiwa. Wanaodhani kuujali utamaduni wa mwanafunzi ni kumlegezea hawajamsoma.

Sipendi mwanafunzi aitwe mteja, kwa sababu mteja hapewi alama na anayemhudumia. Ila vyuo vinapotaka kujipima, basi vifanye kama Firdaus Abdullah wa Malaysia, ambaye hakuridhika na kipimo cha mabenki akatengeneza cha vyuo vikuu, HEdPERF, chenye sentensi 41.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasimamizi wa tasnifu, wa Mlimani, wa Nairobi, wa Zanzibar na kwingineko. Mwanafunzi akikuletea dodoso, usimuulize kwanza amelitoa katika makala gani. Muulize aliketi na watu wangapi kabla ya kuliandika, na umtake aambatishe nyuma ya tasnifu sentensi zote alizozitupa, pamoja na sababu ya kuzitupa. Kama hana hata moja, mrudishe akazungumze na watu.