Kutoka Shanga hadi Sweta: Uhakiki wa Makuzi ya Kibunifu ya Laduma Ngxokolo Chuoni

Wanaoandika juu ya mitindo barani Afrika wamezoea kuisimulia safari ya Laduma Ngxokolo kama ngano. Mama mfumaji anamfundisha mwanawe kutumia mashine ya kufumia; mama anafariki; kijana anapitia jando; anaingia chuo kikuu; anabuni sweta; ulimwengu unampokea. Mfuatano huo si wa uongo. Ngxokolo alizaliwa mwaka 1986 katika mji wa Port Elizabeth, Afrika Kusini, ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha, na ni mamake, marehemu Lindelwa, aliyemtia mkononi ufundi wa kufuma. Hata hivyo, makala hii inashikilia kwamba usimulizi wa namna hiyo unaupita kwa haraka mno wakati wa masomo, na kwa kufanya hivyo unatuzuia kuliona swali gumu ambalo kazi ya mwanafunzi yule iliibua: michoro ile ni mali ya nani?

Katika Chuo Kikuu cha Nelson Mandela Metropolitan, Ngxokolo alisomea ubunifu wa vitambaa. Mradi wake ulihusu mavazi ya amakrwala, yaani vijana wa Kixhosa waliotoka jandoni karibuni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Anajua kwamba mwali hatoki kumbini na nguo alizoingia nazo. Kwa Waxhosa pia nguo za utotoni huachwa au hugawiwa, na kwa takriban miezi sita kijana huvaa mavazi mapya ya heshima: koti, suruali iliyonyooshwa kwa pasi, kofia, na sweta nzuri ya sufu. Kilichomshughulisha mwanafunzi huyu, ambaye naye alikuwa amepitia jando, ni kwamba sweta hizo, ambazo wazazi huzinunua kwa gharama, zilikuwa za mtindo wa Kiingereza, nyingi zikiwa na miraba ya Kiskoti. Kijana anatangazwa kuwa mwanamume wa Kixhosa, na kifuani pake hakuna hata alama moja ya Kixhosa.

Ukomavu wa kwanza unaoonekana hapa ni wa kuchagua tatizo dogo. Wanafunzi wengi wa sanaa huanza na dhana pana kama vile Uafrika, na mwisho wake huwa ramani ya bara iliyochorwa kwenye fulana. Ngxokolo alianza na mvaaji mmoja, kipindi kimoja cha maisha yake, na vazi moja. (Katika idara zetu za sanaa na fasihi pia, mada ya tasnifu husifiwa kwa upana wake, na mtafiti hugundua mwaka wa tatu kwamba upana huo haushikiki.) Jibu lake lilikuwa kuchukua michoro ya shanga za Kixhosa na kuihamishia kwenye kitambaa cha kufuma.

Kuhamisha huko ndiko kiini cha uhakiki huu. Neno linalotumika sana ni kwamba mbunifu "alichota" katika utamaduni, kana kwamba utamaduni ni kisima na sweta ni ndoo. Kazi yenyewe haiendi hivyo. Shanga hupangwa mstari kwa mstari, punje kwa punje. Kitambaa cha kufuma nacho hujengwa kwa vitanzi, mstari juu ya mstari. Kwa hiyo vitu hivi viwili vina mantiki inayofanana, na huenda ndiyo sababu wazo lenyewe linakubalika machoni mara moja. Lakini kitanzi si punje. Kwa kawaida kitanzi ni kipana kuliko urefu wake, hivyo mchoro ukinakiliwa punje kwa kitanzi bila marekebisho, msonge hukaa kama umekalishwa juu yake. Aidha, kila rangi inayoongezwa katika mstari mmoja huongeza uzi unaopita nyuma ya kitambaa na kukifanya kizito. Mfumaji analazimika kuamua rangi ipi ibaki na ipi iondoke, pembe ipi irefushwe na ipi ifupishwe. Maamuzi hayo ni ya mfasiri. Kama vile mfasiri wa shairi asivyoweza kubeba vina, mizani na maana kwa pamoja bila kupoteza kitu, mbunifu huyu naye alipoteza kitu, nacho si kidogo: shanga za Kixhosa zilieleza umri wa mvaaji, hali yake ya ndoa na nafasi yake katika jamii, ilhali sweta inaweza kuvaliwa na yeyote mwenye fedha.

Wapo watakaodai kwamba kwa sababu hiyo kazi hii si asilia. Dai hilo halina mashiko. Shanga za kioo zenyewe zilifika kwa Waxhosa kwa biashara na Wazungu, na kondoo wa merino na mbuzi wa Angora wanaotoa sufu na manyoya ya Rasi ya Mashariki waliletwa kutoka ng'ambo. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili kupitia kanga, kitambaa kilichochapwa kwa muda mrefu Uingereza, Uholanzi, India na Japani, na bado hakuna anayethubutu kumwambia bibi wa Unguja kwamba kanga si yake. Kinachokifanya kitu kuwa cha watu ni matumizi na maana wanayokipa. Kwa kipimo hicho, kumvika kijana wa jandoni sweta yenye michoro ya shanga ni kuendeleza desturi iliyokuwa imeshaanza kuchanganya.

Udhaifu wa kazi hii uko kwingine, nao unahusu jinsia. Shanga za Kixhosa zilishonwa hasa na wanawake. Mashine ya kufumia ilifundishwa na mwanamke. Vazi linalotokana na vyote viwili limebuniwa kwa ajili ya kutangaza uanaume. Simulizi rasmi inamtaja mama, na inamtaja kwa upendo, lakini kama chanzo cha kijana wala si kama mbunifu. Wale washonaji wengine hawatajwi kwa majina kabisa.

Suala hili lilijitokeza wazi baada ya masomo. Ngxokolo alishinda shindano la Society of Dyers and Colourists la Uingereza mwaka 2010, akaanzisha MaXhosa, baadaye akasoma shahada ya uzamili katika Central Saint Martins, London. Mwaka 2017 kazi ya MaXhosa ilijumuishwa katika maonesho ya Museum of Modern Art, New York. Mwaka uliofuata alilalamika kwamba soksi zilizouzwa na Zara zilinakili mchoro wake, na soksi hizo zikaondolewa sokoni. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, alikuwa na haki. Kilichonakiliwa hakikuwa shanga za Waxhosa kwa ujumla. Kilikuwa tafsiri yake, yenye maamuzi yale ya rangi na pembe aliyoanza kuyafanya akiwa mwanafunzi.

Ila hoja hiyo haiwezi kusimama upande mmoja tu. Ikiwa maamuzi ya rangi na pembe humpa mtu haki juu ya mchoro, basi kila mwanamke aliyetunga ukanda au mkufu uliotangulia aliyafanya maamuzi hayohayo, kwa sindano na uzi. Katika makumbusho mengi, kando ya vitu hivyo huandikwa kabila, eneo na wakati wa kukusanywa. Jina la mkusanyaji nalo mara nyingi lipo. La mshonaji, kwa kawaida, halipo.