Kijitabu cha chakula bila moto

Mwezi uliopita, hapa Gisenyi, tuligawiwa kijitabu cha kurasa nane juu ya vyakula vya kuandaa nyumbani bila kupika. Shirika silitaji, waliokileta ni watu wazuri na Jumatatu tutaonana tena. Lakini kijitabu kikishachapishwa ni mali ya msomaji. Mimi nimekisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti, nikimsomea mama.

Wazo lenyewe ni zuri. Mkaa ni ghali, kuna siku babula haiwashwi. Ukurasa wa ndizi mbivu iliyopondwa na karanga za kusaga sina neno nao: mtoto wa jirani alimaliza bakuli akaomba tena.

Shida inaanza ukurasa wa tatu, pale tunapoambiwa tutoe jibini kwenye jokofu. Mama akanikatiza: "Jibini njo nini?" Nikamwambia ni fromaji. Akacheka sana. Fromaji ya Masisi anaijua tangu utoto, na kwao hakukuwa na friji. Aliyeandika alitafuta Kiswahili cha kamusi, akawaacha njiani wale wale aliotaka kuwalisha.

Hilo la maneno ni dogo. Ukurasa wa tano una kachumbari, na tunaambiwa "osha mboga vizuri", basi. Maji gani? Ya bomba, ya ziwa, ya bidon iliyolala siku mbili? Chakula kisichopikwa hakina moto wa kuua vijidudu, kwa hiyo kila kitu kinategemea maji na mikono. Mwaka 1994, hapo Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Wakati ule walikuwa wanatoka upande huu kwenda ule. Sehemu yenye historia hiyo, maji yalistahili ukurasa mzima. Tena kuna mchoro wa mhogo kwenye kikapu cha vitu vya kula vibichi. Mhogo upi? Ule mchungu una sumu, ndiyo maana mama zetu wanauloweka siku kadhaa.

Na hao mama ndio hawaonekani humu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walivuka mpaka usiku. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika, nyumba za Rubavu zikapasuka, watu wakalala nje. Sisi tulikula kwanga na karanga, avoka na mkate, na mashanza kwenye bidon ndogo. Nilimwambia mama, unaona, tulishaijua hii bila kijitabu. Akakataa. "Ile haikukuwa bila kupika. Kuko mama alipika." Ni kweli. Kwanga imelowekwa, imetwangwa, imefungwa kwenye majani, imechemshwa, ndipo inakaa siku kadhaa bila kuharibika. Kazi ya moto ilifanywa na mtu mwingine mapema, na sisi tukaifungua tu. Kijitabu hakina kwanga hata moja.

Jumamosi vijana wangu watauandika upya ukurasa wa tano, mama watatu wakiwasomesha. Nyie wa shirika, tunaomba kitu kimoja: mtu aje atuonyeshe ile dawa ya maji mliyotugawia inatiwa kiasi gani kwa bidon ya lita 20. Maandishi kwenye chupa yetu yamefutika.